Sabuni, shampuu na salfeti kwa mwenye ngozi nyeti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Salfeti ni nini, na inafanya nini kwenye sabuni?

Katika mambo ya kuoga na kuosha nywele, salfeti ni kundi la visafishaji vinavyotengenezwa kwa mafuta ya nazi, ya mawese au yatokanayo na petroli. Mafuta hayo huunganishwa na salfa na oksijeni, na kila molekuli inabaki na mkia unaoshika mafuta na kichwa kinachoshika maji. Mkia unajichomeka kwenye taka ya mafuta, kichwa kinabaki majini, na ukisuuza vinaondoka pamoja. Povu unaloliona halisafishi kitu chochote cha maana. Ni hewa iliyonaswa, nalo limezoeleka tu kuwa dalili ya usafi.

Salfeti mbili ndizo utakazokutana nazo mara nyingi zaidi: Sodium Lauryl Sulfate, inayofupishwa SLS, na Sodium Laureth Sulfate, yaani SLES.

Mbona watu wengi wanazitumia bila shida, na mimi zinanisumbua?

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kama ukuta. Seli zilizokauka ndizo matofali, na kati yake kuna mafuta ya aina tatu (seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta) yanayoziba nafasi kama udongo wa kujengea. SLS inaushambulia ukuta huo pande mbili kwa wakati mmoja. Inashikamana na keratini, ambayo ni protini ya matofali yenyewe, ikayavimbisha, na inachokonoa mafuta ya katikati. Maji ya mwilini yanaanza kupotea kwa kasi, na vitu vya nje, kama manukato na vihifadhi, vinapata mlango wa kuingilia.

Mwenye ukuta mzima hurudishiwa kilichopotea ndani ya saa chache wala hajui kama kuna kilichotokea. Mwenye pumu ya ngozi, ngozi kavu ya kuzaliwa, au mikono inayooshwa mara 20 kwa siku, anaoshwa tena kabla ukuta haujajengeka. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wenye pumu ya ngozi wana hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayosaidia kuujenga ukuta huo na kuushikisha unyevu. Mtu wa namna hiyo anaanza mbio akiwa nyuma.

Uwezo wa SLS wa kuwasha ngozi unatabirika kiasi kwamba watafiti wanaitumia makusudi: wanaipaka ngozi yenye afya hadi iwake, kisha wanapima krimu ipi inaiponya haraka. Hakuna sababu ya kuogopa kila tone, lakini ni sababu tosha ya kuikwepa ikiwa ngozi yako tayari inalalamika.

SLS na SLES zina tofauti, au ni majina tu?

Tofauti ipo na ina maana. SLES imepitishwa hatua moja zaidi, ikaongezewa ethilini oksidi, na kichwa chake kikawa kikubwa. Molekuli zinazopenya ngozi kwa urahisi ni zile zinazoelea mojamoja. Zikijikusanya katika vifungu vidogo majini, nyingi hubaki nje. Kichwa kikubwa kinapunguza upenyaji huo, kwa hiyo SLES ni laini kuliko SLS, na inakuwa laini zaidi ikichanganywa na kisafishaji kama Cocamidopropyl Betaine. Ndiyo maana shampuu mbili zenye salfeti zinaweza kutofautiana sana kichwani.

Ushauri wetu: ngozi ikiwa nyeti kidogo tu, anza kwa kuiondoa SLS na uone. Ikiwa ina nyufa, inachuruzika au inawasha kila siku, ondoa zote mbili.

Huu ni mzio?

Mara nyingi sana siyo. Ni mwasho wa moja kwa moja, na kuujua utofauti huu kunakupunguzia kazi.

Mwasho huja ndani ya dakika au saa chache. Ngozi inachoma, inakaza, inakauka pale tu ilipoguswa, na ukali wake unategemea kiasi na muda. Mzio wa kugusa huchelewa, kwa kawaida siku 1 hadi 3. Unawasha kuliko kuchoma, unaweza kusambaa nje ya eneo lililoguswa, na chembe ndogo tu inatosha kuuamsha. Mzio halisi wa SLS ni nadra. Kwenye shampuu hiyohiyo, kinacholeta mzio mara nyingi zaidi ni manukato au kihifadhi.

Kama ni mwasho, kupunguza kunasaidia: kisafishaji kidogo, muda mfupi, suuza vizuri. Kama ni mzio, kupunguza hakusaidii; lazima kiambato chenyewe kijulikane na kiachwe kabisa.

Tahadhari kwa wenye ngozi nyeusi: picha nyingi za mafunzo zinaonyesha wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi mwasho huonekana kama weusi uliokolea, rangi ya kijivu au zambarau, au vipele vidogo unavyovihisi kwa kidole kabla hujaviona. Usisubiri wekundu.

Daktari aliniambia nina mzio wa dawa za salfa. Je, salfeti ni hatari kwangu?

Hapana. Dawa za salfa, salfaiti zinazotumika kama vihifadhi, na salfeti za sabuni ni vitu vitatu tofauti. Majina yanafanana kwa sababu vyote vina salfa ndani, mwili hauvichanganyi.

Nitazitambuaje kwenye lebo?

Majina ya viambato huandikwa kwa mfumo mmoja wa kimataifa, kwa hiyo yasome hivihivi yalivyo. Tafuta haya:

- Sodium Lauryl Sulfate
- Sodium Laureth Sulfate
- Ammonium Lauryl Sulfate na Ammonium Laureth Sulfate
- Sodium Coco-Sulfate
- Sodium Myreth Sulfate
- TEA-Lauryl Sulfate
- Magnesium Laureth Sulfate

Sodium Coco-Sulfate inawadanganya wengi kwa sababu hutangazwa kama mbadala wa asili utokanao na nazi. Inatengenezwa kwa mchanganyiko wote wa asidi za mafuta ya nazi badala ya sehemu moja tu, lakini sehemu kubwa ya mchanganyiko huo ni SLS ileile. Ngozi haisomi tangazo.

Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kidogo. Vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni. Alama nzuri ya mpaka ni Phenoxyethanol, kihifadhi ambacho Umoja wa Ulaya unakiwekea kikomo cha asilimia 1: kinachoandikwa baada yake kwa kawaida hakizidi asilimia hiyo.

Chukua lebo ya kawaida ya sabuni ya maji ya kuogea: Aqua, Sodium Laureth Sulfate, Cocamidopropyl Betaine, Sodium Chloride, Glycerin, Parfum, Phenoxyethanol, Citric Acid. SLES iko ya pili, mara tu baada ya maji, kwa hiyo ndiyo kisafishaji kikuu. Betaine imewekwa kuilainisha. Sodium Chloride ni chumvi ya kawaida, na kazi yake hapo ni kuifanya sabuni iwe nzito, maana SLES inaganda vizuri ikitiwa chumvi. Glisirini ipo, ila iko chini ya chumvi, kwa hiyo usitegemee itakulainisha. Manukato yametangulia kihifadhi: kwa ngozi nyeti, hilo linatutia wasiwasi karibu sawa na SLES yenyewe.

Yapo majina yenye neno "sulfate" yasiyo na ubaya?

Yapo, na watu wanatupa bidhaa nzuri kwa sababu yake. Magnesium Sulfate, Zinc Sulfate, Barium Sulfate na Sodium Sulfate ni chumvi za madini, hazina mkia wa mafuta, hazitoi povu. Behentrimonium Methosulfate, inayopatikana kwenye kondishena, ina chaji ya umeme iliyo kinyume na ya SLS. Inashikamana na nywele na kuzilainisha badala ya kuzivua mafuta.

Chupa imeandikwa Sulfate-Free. Si inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo fedha nyingi za watu zinapopotelea. Maandishi hayo yanakuambia kitu kimoja tu ambacho hakimo. Hayakuambii kilichowekwa mahali pake.

Mbadala wa kwanza wa kuangalia ni Sodium C14-16 Olefin Sulfonate. Kikemia si salfeti, ni salfoneti, kwa hiyo chupa inaruhusiwa kujisifu. Kwa nguvu ya kuvua mafuta, inakaribiana na zile ulizozikimbia. Ukiiona ya pili kwenye orodha na ngozi yako ni nyeti, rudisha chupa.

Maneno Hypoallergenic (haileti mzio kirahisi) na Dermatologist Tested (imejaribiwa na daktari wa ngozi) nayo yana uzito mdogo. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilijaribu mwaka 1975 kuweka kanuni ya nani anaruhusiwa kuandika Hypoallergenic, mahakama ikaibatilisha, na hadi leo huko neno hilo halina maana ya kisheria. Geuza chupa, soma nyuma.

Kuna pia Unscented na Fragrance-Free. La kwanza linamaanisha hakuna harufu inayosikika, na bidhaa inaweza kuwa na manukato yaliyowekwa kufunika harufu ya viambato. La pili ndilo unalolitaka, na lithibitishe kwa kuangalia kwamba neno Parfum au Fragrance halimo kwenye orodha.

Je, nirudi kwenye sabuni ya kipande ya asili? Ile haina salfeti.

Ni kweli haina, na bado tunasema usiharakie. Sabuni halisi, iliyotengenezwa kwa mafuta na magadi makali, ina pH (kipimo cha asidi; namba ikipungua, asidi inazidi) ya kati ya 9 na 10, wakati mwingine zaidi. Uso wa ngozi unakaa kwenye asidi kidogo, karibu 4.5 hadi 5.5. Kila ukijisugua na sabuni hiyo unaivuruga hali hiyo kwa saa kadhaa, na vimeng'enya vinavyojenga mafuta ya ngozi havifanyi kazi vizuri pH ikipanda. Kuitengeneza nyumbani au kuitia mafuta mazuri hakuondoi jambo hilo. Ikiteremshwa hadi pH 5.5 inaacha kuwa sabuni na kubaki mafuta yaliyojitenga.

Sabuni halisi utaijua kwa majina kama Sodium Palmate, Sodium Cocoate, Sodium Tallowate au Sodium Palm Kernelate juu ya orodha. Kama unapenda kipande kuliko chupa, tafuta kile ambacho kiambato chake cha kwanza ni Sodium Cocoyl Isethionate au Sodium Lauroyl Isethionate. Kinashikika kama sabuni, lakini pH yake iko kati ya 5.5 na 7.

Basi nitafute viambato gani?

Kwa mwili na uso: Sodium Cocoyl Isethionate, Sodium Lauroyl Methyl Isethionate, Disodium Laureth Sulfosuccinate, Sodium Cocoyl Glutamate, Sodium Methyl Cocoyl Taurate, Coco-Glucoside, Decyl Glucoside. Salfosaksineti ina jina linalotisha, lakini ni miongoni mwa visafishaji laini kabisa.

Hakuna hata kimoja kisicho na mtu wa kukikataa. Chama cha wataalamu wa ngozi cha American Contact Dermatitis Society huteua kila mwaka kiambato kimoja cha kuangaliwa kwa sababu ya mzio: mwaka 2004 kilikuwa Cocamidopropyl Betaine, na mwaka 2017 jamii ya glucoside. Tatizo la Betaine hutokana hasa na mabaki ya malighafi yasiyosafishwa kiwandani. Vyote viwili bado ni vizuri kwa walio wengi. Ila ukihamia bidhaa laini, na wiki ya tatu ukaanza kuwashwa kope na shingo, hao ndio washukiwa wa kwanza.

Kihifadhi Methylisothiazolinone, mteule wa 2013, tunakikataa bila mjadala kwa ngozi nyeti. Umoja wa Ulaya umekipiga marufuku kwenye bidhaa zinazobaki mwilini, na kwenye za kusuuza umekiwekea kikomo cha asilimia 0.0015.

Nijaribu vipi bidhaa mpya kabla ya kuipaka mwili mzima?

1. Chagua eneo la ndani ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, lisilo na kidonda wala upele, ukubwa wa sentimita 5 kwa 5. Lizungushie alama kwa kalamu.
2. Kwa sabuni au shampuu: changanya tone moja na maji kiganjani, paka, acha dakika 1 hadi 2, yaani muda utakaoitumia kweli, kisha suuza. Kwa losheni au krimu: paka kidogo na uache.
3. Rudia asubuhi na jioni kwa siku 7, palepale. Kwa bidhaa ya kubaki mwilini, endelea hadi siku 14, kwa sababu mzio unaweza kuchelewa.
4. Linganisha kila siku na mkono wa pili, kwenye mwanga wa mchana. Pitisha kidole: ukwaru na vipele vidogo hutangulia kuhisiwa.
5. Likianza kuwasha, kuvimba au kubadilika rangi, acha mara moja.

Kosa kubwa ni kupaka shampuu isiyochanganywa na maji na kufunika kwa plasta usiku kucha. Kisafishaji chochote kitaichubua ngozi ya mtu yeyote namna hiyo, hata kile kilicho laini kabisa, na utatupa bidhaa isiyo na kosa.

Nianze kubadilisha nini kwanza?

Kimoja kwa wakati, ukiacha wiki 2 kati ya badiliko na badiliko. Ukibadilisha vyote siku moja na hali ikawa mbaya zaidi, hutajua nani mkosaji.

Anza na vinavyobaki mwilini, yaani krimu na losheni. Fuata sabuni ya mikono, kwa sababu inatumika mara nyingi kuliko zote. Kisha sabuni ya mwili. Kisha shampuu, ambayo watu huisahau kwa kudhani ni ya kichwa tu, wakati inateremka usoni, shingoni, mgongoni na kwapani kila ukisuuza. Mwisho dawa ya meno na povu la kunyolea.

Usitegemee miujiza ya siku tatu. Kukaza baada ya kuoga kunaweza kupungua ndani ya siku chache, lakini ukuta uliobomoka huchukua wiki 2 hadi 4 kujengeka, na mikono iliyopasuka miezi. Ngozi ikionekana nzima kwa macho, bado chini haijakomaa, na ndio wakati ambao watu hurudia sabuni ya zamani wakidhani wamepona.

Shampuu isiyo na salfeti haitoi povu, na nywele zinabaki na mafuta. Nifanyeje?

Nyingi hazigandi kwa chumvi kama SLES, kwa hiyo ni nyepesi na zinamwagika ovyo. Usidhani zimetiwa maji. Zinahitaji mkono tofauti.

Lowanisha nywele dakika nzima, mpaka maji yafike kwenye ngozi ya kichwa. Chukua mililita 5 kwa nywele fupi, 10 hadi 15 kwa ndefu au nyingi. Sugua kwanza kati ya viganja, kisha paka sehemu nne au tano za ngozi ya kichwa, si kwenye ncha. Ongeza maji kidogo, ndipo ukande kwa nyama ya vidole kwa dakika 1. Suuza. Rudia kwa nusu ya kiasi cha kwanza. Mkupuo wa kwanza unabeba mafuta na povu lake linakufa palepale. La pili litasimama. Anayeishia mkupuo wa kwanza ndiye anayelalamika.

Suuza kichwa ukikiinamisha nyuma ili maji yasipite usoni, na uoshe mgongo na shingo baada ya kutoa kondishena, siyo kabla. Mabaki ya kondishena mgongoni na pembezoni mwa nywele huleta vipele ambavyo shampuu hulaumiwa bure.

Kama unatumia bidhaa zenye Dimethicone (silikoni ya kulainisha nywele), tabaka lake hujikusanya polepole na nywele zinakuwa nzito, hazinyonyi maji. Kila wiki 4 hadi 6 unaweza kuosha kwa shampuu yenye nguvu zaidi, ukiinama juu ya beseni ili isiguse ngozi ya mwili. Kama ngozi ya kichwa ina vidonda, usifanye hivyo; acha kwanza bidhaa yenye Dimethicone.

Shampuu yangu ya dawa ya mba ina SLES. Niiache?

Usiiache. Shampuu za ketokonazoli za asilimia 2 mara nyingi zina SLES, na mba au ukurutu wa mafuta usiotibiwa unaidhuru ngozi kuliko salfeti ya dakika chache mara 2 kwa wiki. Iweke kwenye ngozi ya kichwa dakika 3 hadi 5, suuza ukiinamisha kichwa nyuma, na siku nyingine tumia shampuu laini. Kama bado inachoma, muulize daktari kuhusu dawa ya kupaka badala ya ya kuoshea.

Dawa ya meno inahusikaje?

Nyingi zina SLS, kwa kawaida kati ya asilimia 0.5 na 2. Dalili mbili zinafaa kukushtua. Ya kwanza ni utando mweupe unaochambuka ndani ya mashavu saa chache baada ya kupiga mswaki: ni ngozi laini ya kinywa inayobanduka. Ya pili ni vidonda vidogo vyeupe vyenye maumivu vinavyorudi kila mara. Baadhi ya wanaovipata huona vimepungua wakiacha SLS. Kuwashwa na kukauka pembeni mwa midomo nako kunaweza kutoka hapo.

Chagua isiyo na SLS lakini usipoteze floraidi. Kwa mtu mzima kiwango kizuri ni sehemu 1,350 hadi 1,500 kwa milioni (ppm). Watengenezaji huweka Sodium Lauroyl Sarcosinate au Cocamidopropyl Betaine mahali pake. Na kama daktari wa meno amekupa maji ya kusukutua ya klorheksidini, usiyatumie mara baada ya dawa ya meno yenye SLS, kwa sababu inayapunguza nguvu. Acha angalau dakika 30.

Kuna krimu za kulainisha zenye salfeti?

Zipo, na hapa tunakuwa wakali kidogo, kwa sababu krimu haisuuzwi. Mfano ni ile krimu nyeupe ya maji ya duka la dawa iitwayo Aqueous Cream. Kwa fomula ya Uingereza, nta inayoichanganya na maji ina SLS, na krimu nzima inafikia karibu asilimia 1. Kwa miaka mingi ilipewa watoto wenye pumu ya ngozi kama kilainishi cha kuacha mwilini. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, ilitoa tahadhari kwamba inaweza kuwachoma, kuwawasha na kuwatoa upele, hasa ikiachwa mwilini. Marhamu ya Emulsifying Ointment ina nta ileile kwa kiwango kikubwa zaidi.

Kwenye krimu, tafuta Sodium Lauryl Sulfate na pia Sodium Cetearyl Sulfate. Marhamu isiyo na maji, kama mafuta ya mgando meupe, haihitaji kichanganyishi na haina shida hiyo. Paka ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mtu mzima mwenye pumu ya ngozi mwili mzima anahitaji angalau gramu 500 kwa wiki. Anayemaliza kopo la gramu 100 kwa mwezi hajipaki, anajigusa.

Na mtoto mchanga?

Maji ya vuguvugu yanatosha sehemu kubwa ya mwili. Kisafishaji laini kisicho na manukato kitumike kwenye makalio, mikunjo na shingo tu, mwisho wa kuoga, ili mtoto asikae ndani ya maji yenye sabuni. Maandishi ya "haichomi macho" yanahusu macho. Hayasemi lolote kuhusu ngozi.

Maji magumu yanachangia?

Ndiyo. Kalsiamu iliyomo inaungana na sabuni halisi na kuacha utando mwilini, uleule unaouona kwenye beseni. Watafiti wa Uingereza wameonyesha pia kwamba SLS nyingi zaidi hubaki kwenye ngozi ikisuuzwa kwa maji magumu. Kama maji yako ni magumu, punguza kiasi cha kisafishaji na ongeza muda wa kusuuza. Pitia nyuma ya masikio, nyuma ya magoti, chini ya matiti na kinena. Vua pete: ukurutu unaoanza chini ya pete na kubaki hapo mara nyingi ni sabuni iliyonasa, siyo madini ya pete.

Moto wa maji nao unahesabika. Kadiri yanavyokuwa ya moto, ndivyo salfeti inavyopenya. Vuguvugu, dakika 5 hadi 10, basi.

Ni kweli salfeti zinaleta saratani?

SLS haileti saratani. Uvumi huo ulisambazwa kwa barua pepe miaka ya 1990 na bado unazunguka. Jopo la Marekani la Cosmetic Ingredient Review lilihitimisha mwaka 1983 kwamba ni salama kwa matumizi mafupi yanayosuuzwa vizuri, na kwamba kwenye bidhaa zinazogusana na ngozi kwa muda mrefu isizidi asilimia 1.

Jambo lenye msingi ni lingine: utengenezaji wa SLES unaweza kuacha mabaki ya 1,4-dioksani, ambayo wakala wa utafiti wa saratani, IARC, umeiweka kwenye kundi la vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Kiwanda kinaweza kuiondoa kwa kuivuta kwa mvuke au ombwe. Haiandikwi kwenye lebo kwa kuwa si kiambato, ila jimbo la New York limeiwekea kikomo kisheria tangu mwisho wa 2022.

Kazi yangu ni ya kuosha mikono kutwa. Nifanyeje?

Mikono isipokuwa na uchafu unaoonekana, jeli ya alkoholi yenye glisirini inaidhuru ngozi kidogo kuliko kuosha kwa sabuni mara kwa mara. Kwenye nyufa itachoma, na kuchoma huko hakumaanishi inabomoa. Pale sabuni inapohitajika, lowanisha mikono kwanza ndipo uweke sabuni. Ikigusa ngozi kavu inatua ikiwa kali. Kausha kwa kugandamiza taulo, paka krimu isiyo na manukato kila baada ya kuosha. Kwa vyombo na nguo vaa glavu, na ndani yake glavu nyembamba za pamba ukizidisha dakika 20, maana jasho la ndani nalo linalainisha ukuta.

Nimeacha salfeti zote wiki 6 na bado nawashwa.

Basi salfeti huenda haikuwa tatizo kuu. Omba kipimo cha mzio cha kubandika: viraka vyenye viambato mbalimbali hukaa mgongoni siku 2, kisha daktari wa ngozi anasoma majibu, kwa kawaida siku ya 2 na tena ya 3 au ya 4. Nenda na chupa zako zote, hata dawa ya meno. Usisubiri wiki 6 kama ngozi inatoa usaha au maganda ya njano, ina joto, inasambaa haraka, au kope zimevimba.

Nina chupa nzima ya shampuu yenye salfeti. Niitupe?

Hapana. Ni nzuri sana kwa kuosha vitana, brashi za nywele na za vipodozi: kijiko kimoja cha chai kwenye lita 1 ya maji ya vuguvugu, loweka dakika 10, suuza hadi maji yasiteleze tena. Sugua beseni la kuogea nayo pia, kisha limwagie maji mengi. Vaa glavu. Usiifulie foronya, taulo wala nguo za ndani, kwa sababu povu lake haliishi haraka na mabaki yatalala kwenye ngozi yako usiku kucha.